Matundu Manne ya Silinda Hedi

Jumamosi, 3 Agosti

Leo nimedhalilishwa kilimani.

Niandike nikiwa bado na hasira. Zikipoa nitaanza kusema uongo. Tulikuwa tunatoka sokoni. Mimi kwenye usukani, mke wangu kando, mama mkwe nyuma amepakata kabichi. Gia ya pili. Nimekanyaga mafuta mpaka soli ya kiatu inalia. Gari linapanda kama mgonjwa wa miguu anayepanda ngazi. Mara, honi nyuma. Pii-pii-piii! Shemeji! Mdogo wake mke wangu, muuza magodoro. Gari la aina ileile, mwaka uleule, rangi tu ndiyo tofauti. Juu ya paa amefunga magodoro saba. Saba! Akanipita. Akanipungia mkono. Na godoro la juu likanipungia.

Mama mkwe macho yake yameingia ukungu, siku hizi anaona watu kama nguo zilizoanikwa. Akauliza ni gari gani hilo limepita kwa furaha hivyo. Mke wangu akamwambia ni la mwanao. Mama mkwe akasema Mungu amzidishie. Mimi sikuzidishiwa kitu.

Jambo si dogo. Alhamisi ya tarehe kumi na tano, saa moja asubuhi, mama mkwe anatakiwa hospitali ya macho kuondolewa mtoto wa jicho. Ameingoja siku hiyo miezi saba. Ukikosa siku yako unarudi mkiani mwa foleni. Hospitali iko ng'ambo ya kilima hichohicho. Shemeji alishajitolea kumpeleka. Nilikataa mbele ya watu, nikasema mkwe ni mimi na gari ninalo. Sasa nimpeleke kwa gia ya pili?

Nimeamua. Dereva hana kosa. Injini ndiyo haipumui.


Jumapili, 4 Agosti

Nimesoma. Kurasa kumi na mbili kwenye simu, nyingine mara mbili. Mambo ni rahisi mno, nashangaa watu wazima wanasumbuka. Juu ya injini kuna kifuniko kizito cha alumini, ndiyo silinda hedi. Ndani yake mna matundu manne ambayo injini hunywea hewa. Kiwandani waliyaacha na vinundu na makovu, wana haraka zao. Mtu mwenye akili huichukua grinda, akayapanua na kuyalainisha nyumbani kwake. Injini ikavuta pumzi ndefu.

Nyumbani kwake! Imeandikwa hivyo hivyo.

Nilimfanyia mama mkwe onyesho. Nikampa mrija mwembamba na mrija mnene, avute hewa, aone tofauti. Akavuta. Akasema yeye pua yake moja imeziba tangu alipovunja ungo na hajawahi kushindwa kilima. Nikamwambia injini si mtu. Akasema ndiyo, injini hainuni.

Mke wangu ananitazama. Nimemwambia nafanya usafi wa kawaida wa gari.


Jumatatu, 5 Agosti

Vifaa. Hapo ndipo penye fumbo lenyewe.

Baada ya kazi (nasoma mita za maji, nyumba mia na ishirini, mbwa thelathini) nilipitia kwa Bi Spana. Ni fundi wa injini, karakana yake iko nyuma ya kituo cha mafuta. Mikono kama koleo, sauti laini kama ya mwalimu wa chekechea. Nikamuuliza kwa ujanja, eti nina rafiki. Akasema rafiki yangu asiguse kitu. Nikasema rafiki ameshaamua. Akashusha pumzi, akafuta mikono, akanieleza.

Alumini ni laini, tena inanata. Kichwa cha kusagia chenye meno madogo, kile cha kusagia chuma, hujaa alumini kama meno ya mtu aliyekula mahindi, kikaacha kukata. Kinatakiwa cha meno makubwa yaliyoachana, na kipakwe nta ya mshumaa. Jiwe la kusagia, kamwe. Grinda iwe ndogo, ya umeme, yenye kitasa cha kupunguza mwendo. Na rafiki aiweke gasketi, ile karatasi ya kuzibia maungio, juu ya tundu, achore mstari, asiuvuke. Nyuma ya ukuta ule mnapita maji ya kupoza injini, na ukuta wenyewe mahali pengine ni mwembamba kama sahani.

"Mwambie achukue kidogo, apime, aache," akasema. "Ugonjwa wa kazi hii ni kutojua kuacha."

Nilimshukuru sana. Moyoni nilicheka. Fundi gani atakupa siri ya kazi yake bure? Akisema kamwe, basi ndipo penyewe.

Nikaenda duka la vifaa. Muuzaji akauliza ni kazi ya alumini au ya chuma. Nisionekane mgeni, nikasema vyote. Akanipa kisanduku cha mawe madogo ya kusagia, rangi ya waridi, mazuri kama peremende. Nimeyapanga kwa ukubwa kando ya kitanda.


Jumanne, 6 Agosti

Mawe ninayo, cha kuyazungushia sina. Nikawaza: ni mashine gani mjini inazunguka kuliko zote? Ya daktari wa meno! Na mke wangu ni msaidizi wa daktari wa meno! Riziki imelala kitanda kimoja nami miaka yote hii.

Mke wangu angekataa, hivyo nikaenda kama mgonjwa. Nikalala kwenye kiti. Nikamuuliza daktari mashine yake inazunguka mara ngapi kwa dakika. Vichwa vyake ni vya madini gani. Vilivyochakaa anavitupa wapi. Akaniambia nifungue mdomo zaidi. Nikauliza kama imewahi kuchonga alumini, ila lilitoka kama "aa-uu-mii". Akagonga jino la nyuma. Nikaruka nikagonga taa.

Kumbe jino bovu! Bovu kweli! Mke wangu akamkabidhi daktari koleo kwa ari ambayo sijaiona tangu siku ya harusi.

Nimerudi na jino langu ndani ya karatasi, pamoja na kichwa kimoja kilichochakaa ambacho daktari alinipa kama mtoto aliyevumilia. Ukubwa wake ni kama wa punje ya mtama. Nimepiga hesabu. Kwa kichwa hicho tundu la kwanza litakamilika nikiwa na miaka mia tatu na kumi.


Jumatano, 7 Agosti

Shavu limevimba kama nimeficha chungwa. Kazini wamenipa mapumziko ya siku tatu. Kila lenye ubaya lina uzuri wake.

Nimefungua injini! Maji nje, mafuta nje. Kabla ya kuvua mkanda nikaweka alama kwa rangi ya kucha ya mke wangu, kila kitu kikirudi kirudi mahali pake. Bolti kumi, moja moja. Hedi ikabanduka kwa sauti kama busu. Nikaibeba kifuani kama mtoto mchanga mpaka meza ya kulia. Niliitandikia kitambaa cha maua, isikwaruzike.

Mke wangu aliporudi aliuliza kama hilo ni gari. Nikasema ni sehemu ya gari. Akauliza kama hiyo sehemu itarudi kwenye gari kabla ya tarehe kumi na tano. Nikasema kabla ya Jumapili, mke wangu, usiwe na shaka. Hakusema neno. Kimya kingi kina mshindo mkuu, najua, ila leo ulikuwa mshindo wa sufuria tu.

Tumekula sakafuni. Mama mkwe alifurahi, alisema ile meza siku zote ilimuumiza viwiko.


Alhamisi, 8 Agosti

Siku ya majaribio. Sayansi ina gharama.

Nilianza na drili yetu ya kutobolea ukuta. Nikafunga jiwe la kwanza. Kwa dakika moja lilikata vizuri. Kisha likaanza kung'aa. Alumini ilikuwa imelijaa, limekuwa laini kama mgongo wa kijiko, linasugua tu na kutoa joto. Nikafunga la pili. Nikakandamiza kwa nguvu. Pa! Likapasuka. Kipande kikapita sikioni kwangu, kikaipiga saa ya ukutani, saa ikasimama kwenye kumi na dakika ishirini. Bahati nilikuwa nimevaa miwani. Ya jua, ya mke wangu, yenye vipepeo.

Sikukata tamaa. Fundi pancha wa njia panda ana grinda ndogo ya upepo, huikwangulia mpira kabla ya kubandika kiraka. Nikapakia hedi kwenye toroli, nikasukuma. Njiani muuza mboga akauliza nauza kilo au fungu.

Fundi pancha alikubali kwa roho safi. Grinda yake ni kali, sikatai. Lakini kompresa yake ni ndogo. Unasaga kwa sekunde ishirini, upepo unakwisha, unasubiri dakika nne tanki lijae. Pikipiki zikapanga foleni nyuma yangu, kila moja na tairi lililolala. Watu wakaanza kunisemea maneno. Na katikati ya hayo, nani anatokea? Shemeji! Nikavua shati nikafunika hedi. Akauliza, shem, mbona uko kifua wazi, na hicho kilichofunikwa ni nini. Nikamwambia ni mita kubwa ya serikali, haitakiwi kupigwa jua.

Akalitazama shavu langu. Akaniuliza kama nimekula vizuri.


Ijumaa, 9 Agosti

Nimegundua jambo kubwa! Nimeligundua mwenyewe, kwa majaribio yangu mwenyewe: alumini haitaki mawe. Alumini inataka kichwa chenye meno makubwa yaliyoachana, kilichopakwa nta ya mshumaa! Sijui kwa nini watu hawasemi mambo haya.

Nimenunua kimoja. Fundi seremala wa jirani ameniazima grinda ya umeme, nyembamba, unaishika kama kalamu nene, na ina kitasa cha mwendo. Alinitaka nimshikilie mlango anaoupigia bawaba. Nikaushikilia kwa saa mbili.

Basi nikaanza. Kukata kama siagi! Unga wa fedha unaruka, unametameta. Nimeweka gasketi, nimechora mstari kwa ile rangi ya kucha, nimefuata mstari. Kisha msasa, nimeuviringisha kwenye fimbo niliyoipasua ncha. Tundu la kwanza, safi. La pili, safi zaidi. Ukiingiza kidole unasikia kama ndani ya kikombe. Nilimwita mke wangu aingize kidole. Akakataa.

Jioni mama mkwe alisema wali una mchanga. Mke wangu akachukua punje kwenye sahani, akaigeuza kwenye mwanga. Ikametameta. Akanitazama. Nikasema alumini ni nyepesi, haimkai mtu tumboni.


Jumamosi, 10 Agosti

Tundu la tatu: kazi ya mbinguni. Nilitaka kupiga picha nimtumie shemeji, nikajizuia. Siri ni silaha.

Saa tisa alasiri, tundu la nne. Nikafika kwenye mstari. Nikasimama. Nataka iandikwe kwamba nilisimama. Kisha nikawaza: magodoro saba. Nikawaza: kama mstari unatoa nguvu hii, milimita moja nje ya mstari itatoa nguvu gani? Nikaongeza kidogo. Kidogo tena. Sauti ikabadilika, ikawa kama kijiko kwenye bati. Nikainama kuchungulia. Ndani ya tundu palikuwa na nuru mahali ambapo hapakupaswa kuwa na nuru.

Nimetoboa njia ya maji.

Mimi! Mtumishi wa idara ya maji, mwaka wa kumi na tisa, mtu ninayewaandikia wenzangu faini kwa bomba linalovuja. Nimetoboa bomba la kwangu mwenyewe kwenye meza ya kulia.

Mke wangu akauliza kutoka jikoni mbona kimya. Nikasema nimemaliza.

Gundi. Kuna gundi nzito ya rangi mbili, unachanganya, inakuwa kama jiwe. Nimetia tabaka tatu. Haionekani. Karibu haionekani.


Jumapili, 11 Agosti

Gundi imekauka nje, ndani bado inatoa machozi. Nimeongeza tabaka la nne.

Adhuhuri, hodi! Shemeji, kaja kula. Sikuwa na muda wa kuhamisha kitu. Nikaifunika hedi kwa kitambaa cha maua, nikaweka chombo cha maua juu. Shemeji akasema ameipenda hiyo meza ndogo juu ya meza kubwa. Akarudia kusema yuko tayari kumpeleka mama Alhamisi, gari lake halina kazi siku hiyo. Nikamwambia ashike magodoro yake. Akaenda jikoni kwa dada yake.

Nikabaki na mama mkwe. Akanyoosha mkono, akainua kitambaa. Miaka arobaini mama huyu alifinyanga vyungu. Macho yamemwacha, vidole bado viko kazini.

"Mwanangu, hiki ni nini?"

"Ni meza ya maua, mama."

Vidole vikaingia tundu la kwanza, la pili, la tatu. "Haya yamechongwa na mtu mtulivu," akasema. Vikaingia la nne, vikakaa humo muda mrefu. "Hili limechongwa na mtu anayeshindana. Limetoboka?"

"Kidogo, mama."

"Chungu hakitoboki kidogo."

Huko jikoni shemeji alikuwa anacheka na dada yake juu ya jambo lingine, naamini lilikuwa lingine.

"Alhamisi tutafika?" akauliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayeuliza kama mvua itanyesha.

"Tutafika, mama. Kama jua linavyofika."

"Haya," akasema, akarudisha kitambaa, akakinyoosha pembe. Kisha akaomba nimwitie mwanawe, ana neno naye.


Jumatatu, 12 Agosti

Gundi imebanduka yote, kipande kimoja, kama ganda la yai. Nilijaza maji kwenye njia yake ili kujaribu. Yalitoka tundu la nne, yakashuka mezani, yakaenda mpaka kwenye viatu vya mke wangu vya kazini.

Nimeenda kwa Bi Spana na toroli. Kichwa chini. Akavaa miwani, akatazama matundu matatu, akatikisa kichwa kwa heshima. Akatazama la nne. Akaniuliza hali ya rafiki yangu. Nikasema amesikitika sana. Akasema la kuvunda halina ubani, ila hili bado halijavunda, linanuka tu. Atalichomelea. Lakini alumini iliyolowa gundi na mafuta haishiki, lazima isafishwe mpaka ing'ae. Akanipa mswaki mgumu na ndoo.

Nimesugua kwa saa nne. Kwa mswaki! Na jino sina.


Jumanne, 13 Agosti

Kazini asubuhi. Nimesoma mita kumi nikaandika namba za mita moja mara kumi. Mawazo yako karakana.

Jioni nilimkuta Bi Spana akichomelea. Mkono hautetemeki hata kidogo. Taratibu, tone juu ya tone, mpaka ukuta ukarudi. Ndani ya tundu pamebaki uvimbe, kama goti la mtoto. Akasema uvimbe huo ndio uhai wangu, hewa itaupita tu kama maji yanavyopita jiwe. Nisiuguse. Akanitaka nirudie maneno hayo. Nikarudia. Akanitaka nirudie tena nikimtazama usoni.


Jumatano, 14 Agosti

Nimechukua ruhusa kazini. Saa sita nimeirudisha hedi nyumbani pamoja na gasketi mpya. Bi Spana alitaka aje kufunga mwenyewe. Nikamwambia mkono ulioifungua ndio unaojua njia.

Saa saba nilikuwa tayari kufunga. Naapa. Ila ule uvimbe! Matundu matatu kama kikombe, la nne lina goti. Injini gani ya kuheshimika itapumua hivyo? Ni kama kumvika bwana harusi suti na kandambili. Na grinda ya seremala bado ninayo, iko palepale, inanitazama.

Nimelainisha. Kidogo tu. Nimechukua, nimepima, nimeacha. Nimechukua tena kidogo. Sasa yote manne ni ndugu. Sijamwambia mtu.

Saa kumi na moja jioni nimemaliza kufunga. Zimebaki bolti mbili, naamini kiwandani huweka za akiba. Nimewasha. Limewaka! Mara ya kwanza! Limenguruma kama simba aliyeshiba. Jirani seremala amepiga makofi. Mke wangu amesimama mlangoni na, nisiposema uongo, amenitabasamia. Nimemzungusha mtaani mara mbili. Pumzi tupu!

Mama mkwe ameweka khanga safi na sabuni kwenye mfuko wake. Ameukalia tayari.


Alhamisi, 15 Agosti

Tuliondoka saa kumi na mbili kasoro robo. Baridi nzuri. Mama mkwe nyuma, mke wangu kando yake.

Barabara tambarare, gari ni ndege. Tukafika chini ya kilima. Nikaingiza gia ya tatu. Ya tatu! Likapanda! Nilitokwa machozi kidogo, si aibu. Nikasema kwa sauti, mnasikia inavyopumua? Mama mkwe akasema anasikia.

Katikati ya kilima ikakohoa. Ikakohoa tena. Nyuma yetu ukatoka moshi mweupe, mweupe kama shuka za hospitali, ukafunika barabara nzima. Mshale wa joto ukasimama wima. Gari likatetemeka, likapiga kwikwi tatu, likazima. Maji yote yalikuwa yamenyweka kupitia tundu la nne.

Saa kumi na mbili na dakika kumi. Miezi saba ya foleni imekaa nyuma yangu na mfuko mapajani. Nilishika usukani sikuweza kugeuka.

Mama mkwe akasema kwa upole, "Ameshafika?"

Nikauliza nani, mama.

Pii-pii-piii!

Shemeji, akitokea ndani ya moshi kama jini. Kumbe siku ya Jumapili, lile neno mama mkwe alilomwitia, alimwagiza aje nyuma yetu umbali wa nguzo mbili za umeme. Asipige honi, asinipite, asijionyeshe ila ikibidi. Alimwambia asimwaibishe mume wa dada yake. Kiti cha nyuma cha gari lake alikuwa amekitandika godoro jipya.

Akamshika mama mkono, akamhamisha. Hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma. Akanisogelea akasema, shem, pole, usiache gari bila jiwe nyuma ya tairi. Kisha wakaondoka. Walipofika mbele kidogo niliona gari lao linatikisika, na hakukuwa na shimo barabarani.

Nikaweka jiwe. Nikapanda kilima kwa miguu. Nataka iandikwe kwamba kwa miguu nakipanda haraka kuliko kwa gari. Nilifika hospitali jasho linachuruzika, nikamkuta mke wangu kwenye benchi la nje. Mama alishaingia ndani. Nilikaa. Mke wangu hakunigombeza. Alinisogezea chupa ya maji, akasema, "Kunywa. Wewe na gari lako mmekauka."

Ilikwenda salama.


Ijumaa, 16 Agosti

Wamemfungua bandeji. Tulisimama watatu kando ya kitanda tumejipanga kama watoto wanaokaguliwa kucha.

Alimtazama mke wangu, akasema amekonda, nani anamnyima usingizi. Alimtazama mwanawe, akasema shati limekosa kifungo. Kisha mimi. Alinitazama kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Nilikuwa nakuwaza mrefu zaidi," akasema.

Nikasema samahani, mama. Sijui kama nilikuwa naomba radhi ya urefu au ya yote.

"Lakini uso ni wa mtu mwema. Mbishi, lakini mwema." Akanigusa shavu lililovimba kwa vidole vilevile.

Nimetoka nje nikajifanya natafuta choo. Nimeapa kwenye korido, mbele ya mzee mmoja mwenye magongo ambaye hakuniuliza: sitagusa tena grinda maisha yangu yote.


Jumapili, 18 Agosti

Bi Spana amelivuta gari mpaka karakana. Alifungua, akachungulia tundu la nne, akauliza nani amelainisha ule uvimbe. Nikasema rafiki. Akasema nimwambie rafiki atafute hedi nyingine, hii haina tiba. Amenifundisha neno moja tu jipya, silirudii hapa.

Shemeji amesafiri wiki nzima kufuata magodoro, kapanda lori la kampuni. Gari lake ametuachia sisi. Mama anatakiwa kurudi hospitali Alhamisi kukaguliwa jicho. Akanikabidhi funguo, akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema, shem, nakuamini. Mke wangu akageukia ukuta.

Nimeliendesha kutoka kwake mpaka hapa. Sitaki kumsema mtu asiyekuwepo, ila nimelisikiliza. Linahema kwa shida, maskini. Linanung'unika. Na yeye hajui, atajuaje, mtu wa magodoro?

Nimetafakari kwa kina kosa langu, na nimeliona. Nilianza na tundu la kwanza, nikalifikia la nne nikiwa nimechoka. Mtu akianza na la nne, hawezi kukosea. Ingekuwa zawadi nzuri kwake, baada ya wema wote ule. Akirudi apande kilima ashangae.

Leo ni Jumapili, Alhamisi iko mbali. Mke wangu na mama wamelala mchana. Grinda ya seremala iko hapa, hajaidai. Nimefungua boneti nitazame tu.

Bolti ya kwanza imetoka bila ubishi.